Tusililaumu Chekecheke kwa Makapi

Watafiti wengi wa dawa wameshachoshwa na makala za aina moja: majani ya mti fulani yamelowekwa kwenye methanoli, dondoo lake likamwagiwa seli za saratani ya matiti au ya ini, seli zikafa, na mwandishi akahitimisha kwamba mti huo unatia matumaini. Baada ya hapo kimya. Hakuna anayetenga kiambato, hakuna panya anayepimwa. Ndiyo maana wapo wanaotaka majaribio haya yaachwe kabisa. Hata spiriti, wanasema, huua seli za saratani ukizimwagia.

Lawama hiyo ina msingi. Ila naamini imemwangukia asiyestahili.

Tuliangalie jaribio lenyewe. Ni sahani ya plastiki yenye vishimo 96, kila kimoja upana wake kama punje ya hindi. Seli elfu chache hutiwa katika kila kishimo, huachwa usiku kucha zijishikize chini, kisha dondoo huongezwa kwa viwango vinavyopungua safu baada ya safu. Zikipita saa 48 au 72, hutiwa kemikali ya rangi ya njano iitwayo MTT. Seli hai huigeuza ikawa zambarau, iliyokufa haiwezi. Ukiinua sahani kwenye mwanga unaiona zambarau ikififia kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na pale inapofikia nusu ndipo inapopatikana namba iitwayo IC50, yaani kiwango cha dondoo kinachopunguza seli kwa nusu.

Namba hiyo ndiyo kiini cha ugomvi. Kwa dondoo ghafi, kizingiti kilichozoeleka cha kusema lina nguvu ni mikrogramu 30 kwa mililita au chini ya hapo. Wengine hukaza mpaka 20. Sasa chukua dondoo lililohitaji 200, na bado likasifiwa. Mtu mzima ana lita tano hivi za damu. Ili damu peke yake ifikie kiwango hicho, gramu nzima ya dondoo iwemo mishipani kwa wakati mmoja, ikae humo siku mbili tatu, ini lisiivunje, figo zisiitoe, isisambae kwenye misuli wala mafuta. Haiwezekani. Kurkumini ya manjano imeua seli kwenye sahani nyingi mno, lakini ukiimeza hufyonzwa kidogo sana na kidogo hicho huvunjwa upesi. Hapo wakosoaji wako sahihi kabisa.

Lakini hesabu hiyohiyo ina upande wa pili, na huo ndio unaopuuzwa. Dondoo ghafi ni mchanganyiko wa kemikali chungu nzima, na nyingi kati yake hazifanyi lolote. Tuseme kile kinachoua ni sehemu moja tu kwa elfu. Basi mikrogramu 30 zinazoonekana nyingi zimebeba nanogramu 30 za dawa yenyewe, na paklitaxeli, dawa ya saratani inayojulikana, hufanya kazi katika viwango vya nanogramu. Namba inayoonekana dhaifu inaweza kuwa imeficha kitu kikali. Bila kutenga viambato huwezi kujua, na anayelicheka dondoo kwa namba yake tu amekosea sawa na anayelishangilia.

Paklitaxeli ilianza hivyohivyo. Gome la mti uitwao Taxus brevifolia lilikusanywa Marekani mwaka 1962, dondoo lake ghafi likaonyesha nguvu dhidi ya seli mwaka 1964, muundo wa kemikali ukachapishwa 1971, na dawa ikaidhinishwa 1992. Miaka 30. Mpango ulioipata dawa hiyo, wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, ulipima zaidi ya dondoo laki moja, na dawa zilizotoka zinahesabika kwa vidole. Wengine huona hasara hapo. Mimi naona chekecheke lililofanya kazi yake, maana kazi yake kubwa ni kukataa.

Kisa cha maytansini ndicho kinachonigusa zaidi. Kiambato hicho kilitangazwa mwaka 1972 kutoka kwenye mti wa jamii ya Maytenus uliochumwa Ethiopia. Mwaka 1976 zaidi ya tani 27 za Maytenus buchananii zilivunwa Shimba Hills, Kenya, ili kipatikane cha kutosha. Kilipofika kwa wagonjwa kiliwadhuru mno, kikaachwa. Tani 27 za msitu kwa dawa iliyoshindwa ni gharama ambayo mtetezi yeyote wa majaribio haya lazima aikiri. Lakini baadaye kemikali ya ukoo huohuo ilifungwa kwenye kingamwili inayotafuta seli zenye HER2, protini inayozidi kwenye baadhi ya saratani za matiti, na mwaka 2013 Marekani ikaidhinisha dawa hiyo kwa saratani ya matiti. Sahani ilikuwa imesema kweli kuhusu ukali wake. Kilichokosekana ni njia ya kuufikisha mahali pake bila kuuchoma mwili wote.

Sahani si njia pekee, nakubali. Vinblastini, dawa nyingine ya saratani itokayo kwenye mmea, iligunduliwa na watu waliokuwa wakitafuta dawa ya kisukari, wakaona seli nyeupe za damu za panya zikipungua.

Kosa, basi, liko kwa sisi tunaoisoma sahani. Makala nyingi hazipimi seli za kawaida kando ya zile za saratani, hivyo hatujui kama dondoo linachagua au ni sumu kwa kila kilicho hai. Nyingine hazina vishimo vya dondoo bila seli, ilhali baadhi ya dondoo huigeuza MTT kuwa zambarau zenyewe. Nyingine hazikuhifadhi hata sampuli ya mmea ili mwingine aweze kuurudia utafiti. Na dondoo zilizoshindwa hubaki kwenye daftari, kisha maabara nyingine inatumia mwaka mzima kuzipima upya. Mhariri angeweza kuyadai yote manne kabla hajafungua ukurasa wa matokeo, na mgonjwa anayesoma "unatia matumaini" akaelewa "unatibu" angekutana na maneno hayo mara chache zaidi.