Kuzuia kujiua kwa wanajeshi wa zamani: hospitali iongoze, au mtaa?

Mwaka 2022 wanajeshi wa zamani 6,407 walijiua nchini Marekani, kwa mujibu wa ripoti ya kila mwaka ya wizara inayowahudumia, maarufu kwa herufi zake VA. Ni wastani wa 17.6 kwa siku. Takriban asilimia 60 yao hawakuwa wametibiwa katika hospitali za VA mwaka huo wala mwaka uliotangulia, na hapo ndipo mvutano unapoanzia. Wako wanaosema fedha ziende kwa madaktari na wanasaikolojia, kwa kuwa hili ni suala la tiba. Wengine, wanaotaka kazi hii iongozwe na mtaa, wanauliza hospitali itamtibu vipi mtu asiyekanyaga mlangoni pake.

Kwanza tuiweke kando ile namba ya watu 22 kwa siku, inayochapishwa kwenye fulana na kutajwa katika kila kampeni ya pushapu. Ilitokana na ripoti ya mwaka 2012 iliyotegemea vyeti vya vifo vya majimbo 21 tu. Tena imewajengea watu picha ya kijana aliyerudi kutoka Irak au Afghanistan, ilhali zaidi ya nusu ya wanaokufa wana miaka 50 na kuendelea. Vijana wa miaka 18 hadi 34 ndio wenye kiwango cha juu zaidi kwa kila watu 100,000, lakini kwa idadi wazee ni wengi. Mpango unaomlenga kijana peke yake umewaacha nje watu wengi wanaokufa.

Wanaoitetea hospitali wana hoja nzito. Vituo vya matibabu vya VA vina waratibu wa kuzuia kujiua, na kazi yao haiishii kwenye semina na mabango. Mtu akipiga 988, namba ya simu ya msaada, kisha akabonyeza 1, na akakubali kufuatiliwa, taarifa zake humfikia mratibu wa eneo lake, ambaye anatakiwa kumpigia kufikia siku ya kazi inayofuata. Mgonjwa akionekana yuko hatarini, faili lake huwekwa alama ya hatari kubwa. Kuanzia hapo anatakiwa aonwe na wahudumu wa afya ya akili angalau mara nne ndani ya siku 30 za mwanzo, na alama hiyo ipitiwe upya kila siku 90. Akikosa miadi, anatafutwa.

Kisha kuna mpango wa usalama, uliobuniwa na Barbara Stanley na Gregory Brown. Ni karatasi moja yenye hatua sita: dalili kwamba hali inaanza kuharibika, mambo ninayoweza kufanya peke yangu nitulie, watu na mahali pa kuniondoa kwenye mawazo hayo, ndugu au rafiki wa kumwomba msaada, wataalamu na simu za dharura, na namna ya kuiweka nyumba salama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia wagonjwa waliopitia idara za dharura za VA. Waliopewa mpango huu pamoja na simu za ufuatiliaji walionyesha vitendo vya kutaka kujiua pungufu kwa karibu asilimia 45 ndani ya miezi sita, wakilinganishwa na waliopata huduma ya kawaida. Wagonjwa hawakugawanywa kwa bahati nasibu, kwa hiyo tusiitangaze asilimia hiyo kama mwujiza. Hata hivyo, kwa gharama ya karatasi na simu, ni matokeo ya kuheshimiwa.

Karatasi hiyo huharibika ikijazwa kwa haraka. Muuguzi mwenye foleni nje ataandika kwenye hatua ya kwanza "nikiwa na huzuni", sentensi isiyomsaidia mtu yeyote saa nane za usiku. Iliyojazwa vizuri itasema "nikianza kulala kwenye gari ili nisigombane na watu nyumbani". Hatua ya nne huandikwa jina la kaka ambaye hajaambiwa kuwa ameandikwa, na namba yake ilishabadilika. Hatua ya sita, yenye uzito kuliko zote, mara nyingi hubaki tupu, kwa sababu kuijaza kunalazimu mazungumzo kuhusu bunduki.

Hospitali pia imejaribu kutumia hesabu. Tangu 2017, mfumo uitwao REACH VET hupitia mafaili kila mwezi na kuchomoa asilimia 0.1 ya wagonjwa wanaoonekana kuwa hatarini zaidi, ili mhudumu awapigie simu hata kama hawajalalamika. Tathmini ilionyesha kuwa waliochomolewa walihudhuria miadi zaidi na majaribio ya kujiua yaliyorekodiwa yalipungua, lakini vifo havikuonyesha tofauti. Kanuni ya mwanzo ililalamikiwa pia kwa kuhesabu kuwa mzungu kama kigezo huku ikiacha ukatili wa kingono jeshini, jambo linalowagusa wanawake zaidi. Toleo jipya limerekebisha hayo. Kasoro kubwa imebaki palepale: mfumo unaosoma mafaili hauwezi kumwona asiye na faili.

Lakini upande wa mtaa nao huitumia ile asilimia 60 vibaya. Haithibitishi kuwa matibabu hayafai. Wanaokwenda VA kwa kawaida ni wagonjwa zaidi, maskini zaidi na wana maumivu sugu zaidi kuliko wasiokwenda, kwa hiyo ukilinganisha makundi hayo mawili moja kwa moja utafikia jibu la ajabu kwamba hospitali inaua. Kipimo cha haki zaidi ni wagonjwa wa VA wenye maradhi ya akili au ulevi wakilinganishwa na wenzao wa miaka iliyopita, na kwao kiwango kimeshuka tangu 2001.

Hoja bora ya mtaa ni bunduki. Mwaka 2022 silaha za moto zilihusika katika asilimia 73.5 ya vifo hivi. Saa ya hatari kwa wengi huwa fupi, ni suala la dakika au saa chache, na wengi wa walionusurika jaribio hawafi kwa kujiua baadaye. Kwa hiyo chochote kinachochelewesha mkono kufika kwenye silaha kinaokoa watu ambao wangeendelea kuishi. Mwaka 2006 jeshi la Israel liliwakataza askari kwenda na silaha nyumbani wikendi, na watafiti wakaona kujiua miongoni mwao kumepungua kwa asilimia 40. Sawa, lakini jeshini amri ni amri. Mwanajeshi wa zamani ni raia, na nchini Marekani raia ana haki ya kikatiba ya kumiliki silaha. Hapo kinachobaki ni kumshawishi.

Na ushawishi ndiko VA inakojikwaa. Daktari akianza na "una bunduki nyumbani?", atajibiwa hapana. Hofu ni kwamba ukisema kweli, silaha zitachukuliwa. Kwenda kutibiwa kwa hiari hakumwondolei mtu haki hiyo chini ya sheria ya shirikisho. Kinachomwondolea ni kulazwa kwa amri au uamuzi wa kisheria. Lakini hofu haikuzuka hewani. Kwa miaka mingi VA ilikuwa ikipeleka kwenye orodha ya wasioruhusiwa silaha majina ya watu waliowekewa msimamizi wa fedha zao, bila jaji kuhusika, hadi Bunge lilipoweka zuio kwenye bajeti ya 2024. Habari ya namna hiyo husambaa vijiweni haraka, na hakuna kipeperushi kitakachoifuta.

Muuza bunduki hana mzigo huo. Huko New Hampshire mwaka 2009, baada ya watu watatu kununua silaha katika duka moja ndani ya siku chache na kujiua muda mfupi baadaye, wenye maduka walikaa na wataalamu wa afya ya jamii wakaandaa maelekezo ya kumtambua mteja aliye katika hali mbaya. Colorado ikafuata kwa ramani ya mtandaoni ya maduka na vituo vinavyokubali kumtunzia mtu silaha kwa muda.

Kufuli la waya la kufungia bunduki ambalo VA hugawa bure nalo lina kasoro. Mwenye bastola ya kujilinda hatalitumia, kwa sababu halifunguki upesi. Yeye anahitaji kisanduku cha chuma kinachofunguka haraka, na huo ni mjadala mwingine kabisa wa usalama. Mwenye silaha sita akipewa kufuli moja, amepewa zawadi tu. Funguo zikabidhiwe mtu mwingine, lakini nyumba yenye ukatili wa ndoa mke asipewe jukumu hilo. Kumpa rafiki silaha nako kwategemea jimbo, maana baadhi yanadai mpokeaji achunguzwe kwanza. Na mwenye duka anauliza swali la haki: siku nitakapomrudishia, akajidhuru, nani atashtakiwa?

Kwa maoni yangu hospitali iongoze kuanzia mtu anapopatikana, na suala la silaha liongozwe na wenye silaha wenzake, kwa fedha za VA. Njia ipo: sheria ya mwaka 2020 iliruhusu ruzuku ya hadi dola 750,000 kwa mwaka kwa kila shirika la mtaani. Tatizo ni vipimo. Ripoti zikiishia kuhesabu waliohudhuria, fedha zitaishia kwenye tenti na fulana. Wahesabu silaha zilizohamishwa, na waliopigiwa ndani ya saa 72 baada ya kutoka wodini.

Afrika Mashariki ina maveterani wake wa Somalia: Waganda na Warundi walioingia huko 2007, Wakenya 2011. Kwetu bunduki kwa kawaida hurudi ghalani kambini, kwa hiyo kufuli si la kuiga. La kuiga ni simu zile za ufuatiliaji, lakini zinahitaji mtu anayeweza kusema ukweli. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba. Tanzania bado inalo kosa hilo kwenye Kanuni ya Adhabu, na daktari anayeandika jaribio kwenye faili la askari anaandika wakati huohuo ushahidi dhidi yake.