Hadoken Ugenini: Mgeni Anapokuja na Jembe Lake

Kila mara Ryu au Chun-Li, wapiganaji wa mfululizo wa gemu za Street Fighter wa kampuni ya Capcom, anapotokea kwenye gemu isiyokuwa yake, lawama huwa ni zile zile. Capcom imeishiwa mawazo. Wahusika wanauzwa rejareja. Mpiganaji aliyejengwa kwa miaka mingi amegeuzwa tangazo. Wanaosema hivyo mara nyingi ni watu wanaoipenda Street Fighter kwa dhati, na baadhi ya hoja zao ni nzito kiasi kwamba sitaki kuzipita juu juu. Ila naona wengi wao wanaishia kwenye sura ya mgeni, na ukiishia hapo kweli utaona biashara tupu. Mimi huanza na mkono wa mchezaji.

Chukua Hadoken, ule mpira wa nguvu ambao Ryu anausukuma kwa mikono. Chini, mshazari, mbele, ngumi. Kidole gumba kinachora robo duara kwenye pedi, na kitufe kinabonyezwa pale pale duara linapoishia. Ukiwahi au ukichelewa, unatoa ngumi kavu. Amri hiyo ilikuwemo tangu Street Fighter ya kwanza, mwaka 1987, lakini kuitoa kulikuwa kazi ya bahati. Ni Street Fighter II ya 1991 iliyoifanya iwe kitu cha kujifunza na kukimudu. Kwa aliyecheza muda mrefu, amri ile haikai kichwani tena. Imehamia kidoleni, kama vile mtu anavyofunga kamba za viatu huku akiongea. Kwangu mimi hiyo ndiyo mali halisi ya mfululizo huu, kuliko gi nyeupe ya Ryu, yaani vazi la karate, na kitambaa chake chekundu cha kichwani.

Sasa tazama Mega Man X, iliyotoka Japani mwishoni mwa 1993. Ni gemu ya kuruka na kufyatua risasi, shujaa wake ni roboti aitwaye X, na haina uhusiano wowote na ulingo. Lakini kwenye hatua ya Armored Armadillo, yule bosi wa mgodini, kuna genge la mwamba juu kidogo ya mlango wake. Ukiwa umeshakusanya silaha na nyongeza zote, ukafika pale uhai umejaa, ukarudia hivyo mara kadhaa bila kukata tamaa, siku moja kapsuli inafunguka na Dr. Light, mwanasayansi aliyemuunda X, anajitokeza. Mzee yule aliyezoeleka na koti jeupe la maabara safari hii amevaa gi. Anampa X Hadoken.

Hakuna kitufe kipya kinachoongezwa. Unasimama chini, uhai ukiwa umejaa, unachora robo duara kwa pedi ile ile uliyokuwa ukirukia, unabonyeza cha kufyatulia, na X anasukuma mbele mpira wa nguvu unaomwangusha bosi kwa pigo moja. Ryu mwenyewe hayupo. Hatajwi, haonekani, hakuna bango wala vazi la kununua. Na bado kila aliyewahi kuishika Street Fighter II alijua mara moja nani amepiga hodi. Mwaka uliofuata Mega Man X2 ikaficha Shoryuken, ile ngumi ya Ryu ya kupanda juu, kwa namna hiyo hiyo. Ninaposikia mtu akisema ugeni wa namna hii ni mbinu ya mauzo, huwa nalikumbuka genge lile. Kitu kilichofichwa kiasi hicho, ambacho wachezaji wengi walimaliza gemu bila kukiona, hakikuwekwa pale kwa ajili ya kuuza chochote.

Waswahili tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kipimo changu ni hicho. Mgeni wa gemu akikaa sebuleni kupigwa picha, basi walalamikaji wana haki. Akiingia shambani, tena na jembe alilokuja nalo mwenyewe, hapo kuna kazi ya ubunifu inayostahili kuhukumiwa kama ubunifu.

Jembe hilo limefanya kazi kubwa kuliko mahali pengine popote kwenye Super Smash Bros., gemu ya Nintendo inayokutanisha wahusika wa gemu mbalimbali. Ryu aliingia Juni 2015, kwenye toleo la mashine za Wii U na 3DS lililoongozwa na Masahiro Sakurai. Smash ilijengwa ili mtu asihangaike na amri ndefu: kitufe kimoja na upande mmoja, pigo maalumu linatoka. Ingekuwa rahisi kumvalisha Ryu mfumo huo na kuishia hapo. Badala yake akaachiwa njia mbili. Unaweza kubonyeza kitufe kama kwa wengine wote na Hadoken ikatoka. Lakini ukiichora robo duara, inatoka yenye nguvu zaidi. Ukivuta nusu duara kutoka nyuma hadi mbele, inatoka ile ya moto, Shakunetsu. Ngumi zake ukizigusa ni nyepesi, ukizishikilia ni nzito, kukumbushia vile vitufe sita vya mashine ya asili. Aliyelelewa kwenye Smash anamcheza siku ya kwanza bila taabu. Aliyelelewa kwenye Street Fighter anakuta mkono wake unathaminiwa ugenini.

Na haikuishia kwa Ryu. Smash Ultimate ilipotoka 2018 ikamleta Ken, mwenzake wa Street Fighter, na wote wawili, wakibaki na mpinzani mmoja tu, wakawa wanageuka wenyewe kumkabili kama ilivyo nyumbani kwao. Mwaka 2019 akaja Terry Bogard wa Fatal Fury na amri zake, pamoja na mapigo makuu yanayofunguka anapokuwa ameumizwa kufikia asilimia 100. Mwaka 2021 akaja Kazuya wa Tekken na orodha yake ndefu ya mapigo na ule mwendo wake wa kuinama na kuteleza mbele. Siamini kwamba Kazuya angekuwa vile alivyo kama Ryu asingetangulia kuonyesha kwamba Smash inaweza kubeba lugha ya gemu nyingine bila kuvunjika. Tunasema pia mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hapa alipona kweli: gemu iliyokuwa ikijulikana kwa kukwepa amri ndefu ikapata kundi zima la wapiganaji wa amri ndefu, na wachezaji waliokuwa hawajawahi kuchora robo duara maishani mwao wakajifunza kuichora mle mle.

Tekken 7, ya kampuni ya Bandai Namco, ni kesi ngumu zaidi, na ndiyo inayonifanya nipunguze sauti. Akuma, mpiganaji mwingine wa Street Fighter, alitangazwa mwisho wa 2015 na kuingia kwenye toleo la Fated Retribution mwaka 2016, kisha nyumbani kwa watu 2017. Alikuja na mzigo wake wote: mita ya nguvu, mruko mrefu wa Street Fighter unaoshuka na teke na kuendeleza mfululizo wa mapigo, na Hadoken. Kuiona Hadoken ndani ya uwanja wa pande tatu ni jambo la kusisimua. Mpira unakuja kwa mstari ulionyooka, na mpinzani, badala ya kuuruka, anapiga hatua moja pembeni akaupisha. Sheria za nyumba mbili zinakutana uso kwa uso ndani ya sekunde moja, na kila upande unalazimika kufikiri upya.

Walalamikaji nao walikuwa na lao, na walikuwa sahihi. Mchezaji wa Tekken alitumia miaka akijifunza nafasi, hatua za pembeni na mapigo ya chini, kisha akajikuta anahitajika kujikinga na mtu anayeshuka kutoka hewani na kuunguza mita kuongeza maumivu. Huyo hakulalamika kwa sababu ya wivu. Alikuwa anaambiwa ajifunze gemu ya pili ili aendelee kucheza ya kwanza. Zaidi ya hapo kuna hadithi. Akuma hakuwekwa pembeni. Aliwekwa kwenye moyo wa simulizi, mtu mwenye deni kwa Kazumi, mke wa Heihachi, na ambaye Kazumi alimtuma awaue Heihachi na mwanawe Kazuya. Kisha Tekken 8 ikatoka Januari 2024 bila Akuma kwenye orodha ya wapiganaji. Uzi mzito kiasi hicho umebaki ukining'inia. Mhusika wa kampuni nyingine hawezi kuwa nguzo ya nyumba, kwa kuwa nguzo hiyo huna uhakika wa kuwa nayo kesho. Katika hili nawakubalia wapinzani moja kwa moja.

Nawakubalia pia kuhusu Street Fighter X Tekken ya 2012, gemu ya Capcom iliyokutanisha mifululizo hiyo miwili, japo haraka. Wahusika 12 walikuwa tayari ndani ya diski ambayo mtu ameshainunua, wamefungiwa, wakaja kuuzwa baadaye. Hasira ile ilistahili. Na gemu ya pili iliyoahidiwa pamoja nayo, Tekken X Street Fighter, haikutoka.

Kuhusu Fortnite, gemu ya kupigana kwa bunduki, sina mengi. Ryu na Chun-Li walifika Februari 2021, wakashika bunduki kama kila mtu, na Shoryuken ikawa mkogo wa kujionyesha usiomwumiza yeyote. Huyo ni mgeni wa sebuleni. Wapo wanaotetea wakisema mtoto atamwona Ryu pale, kisha aitafute Street Fighter. Labda. Siitegemei hoja hiyo, kwa sababu vazi halimfundishi mtoto kitu chochote kuhusu alikotoka aliyelivaa.

Hoja nzito kuliko zote upande wa pili ni leseni, na hapa naomba nikae kidogo. Marvel vs. Capcom 2 ilitoka mwaka 2000 ikiwa na wapiganaji 56, nusu wa Marvel, kampuni ya vitabu vya katuni, na nusu wa Capcom. Mwaka 2009 ikarudi kwa njia ya kupakua kwenye PlayStation 3 na Xbox 360. Desemba 2013 makubaliano na Marvel yakaisha, gemu ikaondolewa madukani. Ikarudi Septemba 2024, ndani ya mkusanyiko wa gemu saba. Hesabu mwenyewe: karibu miaka 11. Mtoto aliyezaliwa mwezi ule ilipoondolewa alikuwa ameshatimiza miaka 10 ndipo akaweza kuinunua tena ikiwa mpya kwa ajili ya PlayStation. Na hii ni gemu ambayo watu wengi, nami nikiwemo, tunaihesabu kati ya kazi bora kabisa za aina yake. Linganisha na Street Fighter II, ambayo ni ya Capcom peke yake: hiyo imetolewa upya mara nyingi hata kuorodhesha kunachosha, ikiwemo mkusanyiko wa 2018 wenye gemu 12 za mfululizo. Isiyokuwa na mgeni imesalia. Yenye wageni 28 ikafungiwa stoo.

Nimeugeuza mfano huu mara nyingi nikitafuta namna ya kuuepuka, na sijaipata. Kila mgeni anayealikwa ni sahihi moja zaidi kwenye karatasi, na kila sahihi ina tarehe ya mwisho. Anayependa kazi hizi zidumu ana sababu ya kuogopa. Ila naomba tuiangalie pia ile miaka 11 yenyewe. Wachezaji waliendelea kushindana kwenye mashine kuukuu za Dreamcast. Mwaka 2021 kukawa na kampeni ya mashabiki, #FreeMvC2, wakidai irudishwe. Kama mkutano ule wa wahusika ungekuwa tangazo tu, nani angehangaika kulidai tangazo la miaka 20 iliyopita? Kilichoiua kwa muda ni muda mfupi wa mkataba, na hilo linarekebishika mezani kabla ya mstari wa kwanza wa programu kuandikwa. Kampuni zinazokaribishana zikubaliane tangu mwanzo kwamba gemu iliyokwishauzwa itaendelea kuuzwa. Hiyo ndiyo kampeni ningependa wapinzani wa ugeni waipiganie, na ningesimama nao.

Kuna jambo la mwisho ambalo wanaozungumzia biashara peke yake hulikosa. Takashi Nishiyama, aliyeongoza Street Fighter ya 1987, aliondoka Capcom akaenda kampuni shindani ya SNK, na huko akatengeneza Fatal Fury, iliyotoka 1991. Kwa hiyo Terry Bogard ni kama mtoto wa baba mmoja na Ryu, aliyelelewa nyumba ya pili. Nyumba hizo mbili zilitaniana kwa miaka. SNK ilipoleta Art of Fighting, Capcom ikajibu 1995 kwa kumchora Dan Hibiki, mwenye mavazi yanayomkumbusha mtu Ryo na nywele kama za Robert, mashujaa wawili wa Art of Fighting, na Hadoken fupi isiyofika popote. Baadaye utani ukageuka ushirika: mwaka 2000 ikatoka Capcom vs. SNK. Septemba 2024 Terry akaingia Street Fighter 6, Mai Shiranui akamfuata Februari 2025, na mwaka huo huo Ken na Chun-Li wakavuka kwenda Fatal Fury: City of the Wolves.

Mchukue Terry kwenye Street Fighter 6 na umtafutie Power Wave, lile wimbi linalokwenda chini kwa chini mpaka miguuni mwa mpinzani. Alikuja nalo kutoka kwao. Huhitaji kufungua orodha ya amri. Chini, mshazari, mbele, ngumi.