Malalamiko Sifuri: Tarakimu Inayoziponza Klabu za Mitaani

Kila ubaguzi wa rangi unapojadiliwa kwenye klabu za mitaani, watu hugawanyika kambi mbili. Wapo wanaotaka kanuni iliyoandikwa, mtu maalumu wa kupokea malalamiko, na adhabu inayojulikana mapema. Wengine wanasema hizi ni klabu za kujitolea: kocha ni mzazi wa mchezaji, katibu anajaza fomu usiku akishatoka kazini, na ukianza habari za kamati za nidhamu utawakimbiza hata hao wachache. Wahusika wakalishwe chini, wapeane mikono, yaishe.

Hoja hiyo si ya kubezwa. Bila wa kujitolea hakuna klabu. Na kijana wa miaka 13 anayerudia neno chafu alilolisikia kwa wakubwa anahitaji kufundishwa kuliko kufungiwa msimu mzima.

Ila wanaodai kanuni wamekuwa wakieleweka vibaya, kana kwamba wana kiu ya kuadhibu. Mtoto anatukanwa kwa rangi yake na mzazi wa timu pinzani aliyesimama karibu na mstari. Refa yuko peke yake, hana washika vibendera, anasema hakusikia. Kocha anamwambia mtoto, "Achana nao, cheza mpira wako." Anacheza. Baada ya wiki mbili haonekani mazoezini, na daftarini mbele ya jina lake panaandikwa "ameacha". Mwisho wa mwaka katibu anasoma taarifa: malalamiko ya ubaguzi, sifuri. Wanachama wanapiga makofi.

Sifuri hiyo ndiyo inayonikera. Imewahesabu waliolalamika, haikuwahesabu walioondoka. Pale ambapo mtu hajui ampelekee nani shauri lake, au wa kumpelekea ni shemeji wa mtuhumiwa, sifuri itasomwa miaka nenda miaka rudi. Kibaya zaidi, klabu itakayoanza kusikiliza kwa dhati itaona malalamiko yakipanda, na hapo yenyewe ndiyo itaonekana mbovu. Shirikisho linalosifia tarakimu ndogo linasifia ukimya. Funika kombe mwanaharamu apite, na anayepita ni mtoto wa watu.

Tena kanuni si lazima ianze na rungu. Nchini Australia mwaka 1995, Michael Long, mchezaji wa klabu ya Essendon na Mwaborijini, yaani mzawa wa asili wa nchi hiyo, alikataa kunyamazia tusi la rangi alilotupiwa na mchezaji wa klabu pinzani ya Collingwood. Upatanishi wa awali wa AFL, ligi ya kandanda ya Kiaustralia, haukumridhisha. Mwaka huohuo ligi ikapitisha kanuni dhidi ya matusi ya rangi na dini, na ndani yake usuluhishi ukapewa nafasi. Kukalishana chini hakukufutwa. Kilichoondoka ni kutegemea hisani ya kiongozi.

Kuna na kutengwa kusiko na tusi lolote. FIFA iliruhusu rasmi hijabu uwanjani mwaka 2014, na FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu, mwaka 2017. Kabla ya hapo wasichana walibaki nje kwa sababu ya kifungu cha mavazi tu.

Kwa klabu ndogo, mzigo unabebeka: kanuni ya ukurasa mmoja, mpokea malalamiko kutoka nje ya klabu, na simu kwa kila mchezaji anayeacha, aulizwe kwa nini. Jibu liandikwe, nalo lisomwe kwenye mkutano wa mwaka kabla ya ile idadi ya malalamiko.