Shimo la Pawnee na mtaro wa Igoma

Naishi Indiana, Marekani, mwaka wa nane sasa. Mwenzangu kazini ndiye aliyenishauri niangalie Parks and Recreation, tamthilia ya vichekesho iliyorushwa na kituo cha televisheni cha NBC kuanzia 2009 hadi 2015. Ni habari za ofisi ya bustani na viwanja katika mji wa kubuni uitwao Pawnee, humu humu Indiana. Nimeimaliza misimu yote 7.

Kisa kinaanzia kwenye mkutano wa wananchi. Nesi mmoja, Ann, anasimama kulalamika kwamba karibu na kwake pamechimbwa shimo la mradi wa nyumba, mradi ukafa, shimo likaachwa wazi. Mpenzi wake Andy ametumbukia humo akavunjika miguu yote miwili. Leslie Knope, naibu mkuu wa ofisi, anaahidi palepale kwamba litafukiwa na pawe bustani.

Hapo sikucheka, nilimkumbuka mama. Kwetu Igoma, Mwanza, mkandarasi alichimba mtaro wa maji ya mvua mbele ya nyumba, akajengea mawe upande mmoja, hatukumwona tena. Tukaweka mbao mbili za kuvukia. Masika moja mbao zililowa, mama akateleza na ndoo yake ya dagaa, akateguka goti. Mpaka leo akishuka ngazi hutanguliza mguu wa kulia. Mwenyekiti wa mtaa alipokuja kumpa pole, mama alimjibu, "Tunamshukuru Mungu, baba." Basi, yakaishia hapo.

Kule Pawnee wananchi wanafoka, mara nyingi kwa mambo ya kipuuzi kabisa, na Leslie anasema akifokewa hivyo yeye anasikia watu wanaojali kwa sauti kubwa. Kwetu mtu akiuliza michango ya ulinzi shirikishi imekwenda wapi, jirani humvuta shati akae chini. Lakini tusidanganyane kuhusu ughaibuni. Nilikwenda kwenye kikao cha halmashauri ya mji ninaoishi, tukawa wananchi saba. Igoma watu hujaa, wengine wanasimama juani hadi jioni. Kinachokosekana kwetu ni mtu wa kuuliza swali bila kuogopa kesho yake.

Ndiyo maana naumia nikiangalia vichekesho vyetu. Tunamcheka mlevi, tunamcheka mama mkwe, na mtu wa Kanda ya Ziwa akiingizwa humo, basi ni ili lafudhi yake ya Kisukuma ichekwe. Ofisini hatuingii. Mimi nataka kuona tamthilia ya ofisi ya serikali ya mtaa, Mwanza: mtendaji, mwenyekiti, mjumbe, kijana wa bodaboda, mama anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba, na mhuri uliofungiwa kwenye droo huku mwenye ufunguo amekwenda msibani Sengerema. Nani kati yetu hajausubiri mhuri huo?

Na isiishie kwenye kuwachafua viongozi. Ron Swanson, bosi wa Leslie, haamini kabisa kwamba serikali ina faida, ilhali Leslie anaiamini kwa moyo wote. Wanabishana miaka yote hiyo na wanaheshimiana. Kwetu watu wa vyama viwili wakisalimiana msibani, watu wanageuka kutazama. Leslie baadaye anachaguliwa kuwa diwani, anaunga mkono kodi ya soda kwa ajili ya afya za watu, na mwishowe watu wale wale wanapiga kura ya kumwondoa. Anaumia sana, lakini anaondoka kwenye kiti. Ningependa watoto wa Igoma waone jambo hilo sebuleni kwao, kwa Kiswahili.

Jumapili nilimpigia mama, nikamwomba mkutano ujao asimame aseme habari za goti lake. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema atakwenda, ila atamtafuta mtu wa kumshika mkono, maana mbao za mtaroni ni zile zile.