Inaita Tu, Haipokelewi

Mama yangu mdogo alitoka Tukuyu saa kumi na mbili asubuhi, na mvua ya Aprili ya kule mnaijua. Kosta imejaa mpaka mlangoni, matope njia nzima, kilomita 70 hivi mpaka Mbeya. Akashuka Nane Nane, nikampokea, tukapanda daladala hadi mjini, tukapanga foleni kwenye ofisi iliyomwandikia barua. Alipofika dirishani akaambiwa: "Anayeshughulikia mafaili hayo yuko likizo, mama. Jaribu tarehe kumi na tano."

Mama mdogo hakusema kitu. Alikunja barua yake mara nne, akairudisha kwenye mfuko wa plastiki, mfuko akauingiza kwenye mkoba. Mimi ndiye niliyesema, na niliyosema siyaandiki hapa.

Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimepiga simu. Barua yao wenyewe ina namba juu, inaanza na 025, imechapwa kwa wino mweusi uliokolea. Jumatatu nilipiga mara tano, Jumanne mara nne. Inaita. Inaita vizuri, kwa adabu zote, mpaka inakatika yenyewe. Nikamwambia mama mdogo, "Wapo, ila nadhani wamebanwa na kazi. Wewe njoo tu." Kwa hiyo safari ile ni mimi niliyemtuma.

Sasa tukiwa pale dirishani nikaiona hiyo simu yao ya mezani. Kwenye kona ya meza, rangi ya maziwa iliyokwisha kugeuka rangi ya chai, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa kuna chupa ya maua ya plastiki. Waya wake umeizunguka kiunoni kama kibwebwe, ncha inaning'inia ukingoni mwa meza. Tundu lake ukutani liko hatua moja kutoka hapo, wazi, linakusanya vumbi. Nikatoa simu yangu mfukoni nikapiga ile namba nikiwa nimesimama palepale. Sikioni kwangu: inaita. Mezani: kimya, maua yametulia.

Wengi hawalijui hili. Ule mlio wa kuita unaousikia ukipiga hautoki kwenye simu ya unayempigia. Mtambo wa kampuni ya simu ndio unaokuimbia. Simu ya upande wa pili inaweza kuwa imechomolewa, imepasuka, imeuzwa chuma chakavu, na wewe bado utasikia inaita, uendelee kumsubiri mtu aache kalamu aje kupokea. Simu ya mkononi ikizimwa utaambiwa haipatikani, unajua moja. Ya mezani iliyochomolewa inakupa matumaini. Hebu fikiria ni wakulima wangapi, wastaafu wangapi wa kutoka Chunya, Mbarali na Kyela wamesikiliza mlio ule wakaamini kuna mtu.

Najua mtakachosema: siku hizi nani anatumia simu ya mezani? Kila mtumishi ana simu yake, mpigie. Nimpigie nani? Namba yake naipata wapi? Mlangoni wamebandika karatasi yenye namba tatu za mkononi zilizoandikwa kwa kalamu, moja imefutwa, nyingine inasema "Mama Eva", basi. Mama Eva ni nani katika ofisi ile, mhasibu au muuza maandazi?

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Simu ya mezani ni ya meza. Anayekaa kwenye ile meza leo ataondoka, atahamishwa, atastaafu, atakwenda kujifungua, na simu itabaki inamsubiri anayefuata. Laini ya mkononi ni ya mtu. Mnakumbuka Januari 2020, laini zilipoanza kuzimwa kwa wasiosajili kwa alama za vidole? Foleni zile, watu wanapangusa vidole kwenye suruali ili mashine isome. Basi ofisi haina vidole. Namba mliyoibandika mlangoni imesajiliwa kwa kidole cha mtu fulani, na siku akiondoka anaondoka nacho. Ndiyo, kampuni inaweza kusajili laini kwa jina lake, utaratibu upo. Nionyesheni mliofanya hivyo.

Nasema haya kwa sababu sisi wenyewe yametukuta. Ninafanya kazi kwenye duka la mbegu na pembejeo huku Uyole. Miaka minne namba ya duka ilikuwa ya dada wa mapokezi, binti mchapakazi, ana lugha nzuri kwa wateja. Akaolewa Songea. Tukacheza, tukala pilau, tukampa na zawadi ya sufuria. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba kwenye stakabadhi zetu zote, kwenye ubao wa nje, mpaka kwenye mifuko ya mbegu tuliyoigonga mhuri, kuna namba yake. Novemba ikafika, mvua za kupandia, simu zikaanza. Zote zinaita Songea. Maskini dada wa watu alizipokea kwa miezi miwili: "Samahani baba, mimi siko hapo tena, nauza vitenge." Wengine aliwaelekeza kwetu, wengine walichoka wakanunua kwa jirani. Mzee mmoja wa Isongole, mkulima wa viazi, alikuja dukani Februari amenuna. Alidhani tumefunga duka, tumekwenda kufungua la vitenge.

Ndipo nikamshika bosi. Akacheka: "Unataka turudi enzi za lile shirika la Posta na Simu?" Nikamwambia Posta na Simu walishaachana tangu 1994, lakini waya wao bado uko ukutani kwako nyuma ya kabati la dawa za panya, na kinachotakiwa ni kuufufua. Alikubali kwa shingo upande, akisema fedha zikiharibika zitakatwa kwenye mshahara wangu.

Kuifunga ni kazi ya dakika tano. Mimi ilinichukua asubuhi nzima, na nitawaambia kwa nini ili msirudie. Simu ina waya mbili. Ule wa kujikunjakunja kama msokoto wa nywele unatoka kwenye simu kwenda kwenye mkonga. Ule mnyoofu unatoka kwenye simu kwenda ukutani. Vichwa vyake vinafanana ukiviangalia haraka, ila cha mkonga ni chembamba kidogo. Na kwa kuwa ni chembamba, kinaingia hata kwenye tundu la laini, kinakaa kwa kulegealegea na kukufanya ujione fundi. Mimi nilikiingiza humo. Nikanyanyua mkonga: kimya kama kaburi. Nikaanza kulaumu laini, nikalaumu radi, nikalaumu panya. Fundi alipokuja alitazama mara moja, akachomoa, akahamisha, ikalia "ta", akanyanyua mkonga akanipa. "Tuuuuuu." Mlio ule sikuwa nimeusikia tangu nikiwa mdogo. Kumbuka hiyo "ta": bila kuisikia kichwa hakijakaa, kitatoka ukivuta daftari.

Fundi huyohuyo, ambaye nilikuwa nimeanza kumheshimu, alirudi ukutani kurekebisha waya mmoja uliolegea, akauvua ganda kwa meno. Wakati huohuo bosi, aliyekuwa barabarani, akaamua kujaribu kama namba inafanya kazi. Sasa laini ikiwa imetulia ina kama volti 48, ambazo kidole kikavu hakizijali sana. Ikiita, mtambo unasukuma volti kama 90 za kwenda na kurudi, na mdomo una mate. Fundi aliruka akasema neno la Kinyakyusa ambalo mama mdogo alikataa kunitafsiria. Lakini tulijua laini ni nzima.

Kuna kijiswichi kidogo pembeni au chini, kimeandikwa T na P. Kiweke kwenye T. Chetu kilikuwa P, na simu zilikuwa zinatoka kama kawaida, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka mpaka nilipopiga benki moja nikaambiwa na mashine kwa huduma fulani bonyeza moja. Nabonyeza moja, sikioni nasikia "tk". Mashine inarudia, bonyeza moja. Nabonyeza kwa hasira. "Tk." P ni mtindo wa simu za kuzungusha: inakatakata laini kuhesabu namba, mtambo unaelewa, mashine ya benki haielewi. Nilibishana na mashine ile siku tatu.

Simu ikae mkono wa kushoto kama unaandika kwa kulia. Ukiiweka kulia, ule msokoto utapita juu ya daftari, utafagia kalamu, utamwaga chai, na wewe utakuwa unaandika "mifuko kumi ya UREA" huku umejinyonga. Kalamu na daftari viwe vimefungwa hapohapo kwa kamba, maana kalamu za ofisi zina miguu. Msokoto ukijifunga mafundo, ushike waya juu, uache mkonga uning'inie uzunguke wenyewe mpaka uchoke. Bosi alinikuta nafanya hivyo akaniuliza kama hivyo ndivyo anavyonilipa. Na ukipokea, taja ofisi kwanza. "Haloo, nani mwenzangu" ni ya nyumbani.

Haya, ya upande wa pili nayo niyaseme, msije mkaniita mzee wa kale. Simu ya mezani haiwezi kupokea picha ya jani la mahindi lililoliwa na viwavi, na wakulima wetu nusu ya shida zao wanazileta kwa picha. Haipokei pesa. Kuna waliozoea kuisifu kwamba haijali umeme ukikatika, kwa sababu inakula umeme wa laini yenyewe. Ni kweli kwa waya wa zamani, lakini laini ikija kwa faiba, ule waya wa kioo, simu inachomekwa kwenye kiboksi kinachofungwa mwisho wa waya huo, na kiboksi kinataka umeme kama pasi. Hilo limeniuma kulikubali. Na radi, Mbeya hii ya Novemba hadi Aprili, lazima uchomoe waya wingu likikaa vibaya. Nashuku ndivyo simu nyingi za ofisi zilivyokufa: mtu mmoja mwangalifu alichomoa siku ya ngurumo, mwaka 2000 na kitu, akaenda nyumbani, na hakuna aliyekumbuka kurudisha. Kitambaa kikaja baadaye.

Lakini tangu tuifufue, wazee wanapiga. Hawana bando, hawana haja ya picha, wanataka kujua mbolea imefika au wasubiri. Dakika moja, wanabaki na nauli yao. Kuna mmoja anapiga kila Jumatatu kunisalimia kwa Kinyakyusa, "Ugonile", na kuuliza bei, hajawahi kununua kitu. Naye simchukii.

Sijamaliza habari ya ile ofisi. Mama mdogo akiwa amekaa kwenye benchi, nilimwomba dada wa mezani ruhusa. "Dada, naomba niijaribu simu yenu." Akanitazama kama nimeomba kujaribu viatu vyake. Akasema hiyo mbovu, aliikuta hivyohivyo. Nikasogeza maua, nikatoa kitambaa, nikaifungua kibwebwe chake, nikapuliza vumbi kwenye tundu, nikachomeka. Ta. Nikanyanyua mkonga: tuuuuuu. Laini nzima, miaka yote hiyo nzima, na kwa kuwa ni nzima nadhani kuna mahali mtu analipia ankara yake kila mwezi.

Nikarudisha mkonga, nikapiga kwa simu yangu. Ikaita. Jamani, ikaita kwa kengele ya kweli, chumba kizima kikashtuka. Dada akashika kifua. Kijana wa mafaili akatoka chumba cha ndani kuona ni nini. Ikaita mara nne, wote wanaitazama, hakuna anayeigusa, mpaka mzee mmoja mwenye miwani, wa kwenye meza ya mwisho, akainuka taratibu akaja akanyanyua mkonga kwa mikono miwili.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Shikamoo mzee. Ni mimi hapa mbele yako."

Tulicheka wote, hata mama mdogo. Nikaondoka kifua mbele, njia nzima namwambia, tarehe kumi na tano hutoki Tukuyu mpaka nipige kwanza.

Tarehe kumi na nne nikapiga. Inatumika. Nikafurahi, nikasema kumbe wanafanya kazi. Saa nne, inatumika. Saa sita, inatumika. Saa tisa, inatumika. Kesho yake ikabidi nipande daladala mwenyewe. Waya uko tunduni, sawasawa kama nilivyouacha. Mkonga umelazwa pembeni, juu ya kitambaa.

"Tumeuweka hivyo kaka," dada akaniambia, "maana tangu siku ile uliyoichomeka, watu wanapiga sana."