Kiti cha mama kiko wapi?

Hivi hawa wanaouza tiketi mtandaoni wamewahi kusafiri na mzazi? Unatafuta Dar kwenda Toronto, unaletewa eti "chaguo bora": unabadilisha ndege mara mbili, na kati ya moja na nyingine dakika 55. Dakika 55 na mama wa miaka 78 mwenye magoti mabovu! Choo cha kwanza tu zimekwisha.

Haya, ukapata yenye saa tatu za kusubiri katikati. Tiketi zimekatwa pamoja, lakini siti kila mtu kona yake. Mnataka kukaa na mama? Lipieni tena.

Kinachonichosha zaidi ni kiti cha magurudumu. Huduma yenyewe bure, ila pa kuiombea hupaoni. Piga simu, sikiliza muziki, mhudumu akipatikana anauliza: "Anatembea au hatembei?" Anatembea, dada, ngazi ndizo zinamshinda! Hiyo mashirika ya ndege yenyewe yana herufi zake: WCHS. WCHR ni ya anayeweza ngazi ila si mwendo mrefu, WCHC ya asiyetembea kabisa. Sasa si mziweke tu hapo kwenye fomu, jirani na chakula cha wasiokula nyama?

Na mama naye pembeni: "Mwanangu, kwani mimi mgonjwa?"