Nimehamia Ghana

Ujumbe wenyewe ulikuwa wa mistari mitatu, nauweka hapa kama ulivyo ili msomaji ahukumu mwenyewe: "Shikamooni wote. Forest nimeikosa, bei imenishinda. Kwa sasa bado niko Airport, mwisho wa mwezi nahamia Ghana. Dua zenu."

Mtu wa Mbeya akisoma hapo hashtuki. Forest ni kule kwa wenye mageti. Airport ni mtaa wa uwanja wa ndege wa zamani. Ndege zenyewe zilihamia Songwe mwaka 2012, jina likagoma kuondoka. Na Ghana ni kata, kakata kadogo tu, humu humu jijini. Tuna Soweto pia. Kwa nauli ya bajaji mbili mtu unatoka Afrika Kusini unaingia Afrika Magharibi, na ugali uliouacha mezani unaukuta bado wa moto.

Ila ujumbe ule sikuwatumia watu wa Mbeya. Niliutuma kwenye kundi la ukoo wetu la WhatsApp, Muheza, mkoa wa Tanga.

Yaliyotokea upande wa pili nilikuja kuyajua baadaye. Mjomba, msemaji wa ukoo kwa mambo yote yanayovuka mpaka wa wilaya, aliusoma ujumbe kwa sauti barazani, kisha akautolea tafsiri. Forest maana yake msitu. Mtoto alijaribu kupita njia ya msituni, wale wavushaji wakamtajia bei, akashindwa. Sasa amekwama uwanja wa ndege. Mwezi mzima! Analala kwenye vile viti vya chuma. Mama akaanza kulia. Mtoto wa shangazi, yuko kidato cha pili, akanyoosha mkono akasema kwenye ramani Mbeya na Ghana hazipakani. Mjomba akamwangalia kwa huruma.

"Mbeya iko mpakani. Ukivuka Tunduma uko nje. Ukishakuwa nje, nje ni nje."

Hoja ikapita.

Mimi huku naona dua zinamiminika. "Mola akufanyie wepesi." "Usisahau ulikotoka." Bibi akatuma sauti, bibi ambaye hajawahi kutuma sauti: "Mume wangu, nasikia huko wanawake ni wafanyabiashara hodari. Chagua mmoja, usijitie makuu." Kwa siku mbili nzima niliamini ukoo wangu umefurahia vyumba viwili vya bati na choo cha nje. Nikasema, kumbe watu wetu wana upendo hivi.

Siku ya tatu shangazi akapiga.

"Laini hii hii inashika huko?"

"Inashika, shangazi. Ila mvua ikinyesha mtandao unasumbua."

"Na baridi?"

"Shangazi, baridi ya huku usiombe. Nalala na soksi."

"Ehee. Sasa sikiliza. Mimi nataka kitenge cha huko huko, usinitafutie cha Tanga. Na kakao. Si tuliambiwa shuleni, Ghana ndiko kwenye kakao?"

Hapo taa ikawaka. Na hapo hapo ndipo ungwana ulinitaka niseme, shangazi, mmekosea, mimi niko Mbeya, umbali wa parachichi la kurusha kutoka mjini. Nikanyamaza.

Sababu ya kunyamaza ilikuwa ofisini. Wiki ile ile mwenzangu wa masijala aliniuliza nimepata nyumba wapi. Nikamwambia Ghana. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa nimelazwa. "Ghana? Si ungevumilia kidogo, labda Forest pangepatikana?" Mwingine akaongeza kwamba ana shemeji yake aliwahi kukaa huko "kabla mambo hayajamnyookea". Ndivyo ilivyo. Mwanjelwa ina soko, Uyole ina njia panda ya kwenda Tukuyu na Kyela, Iyunga ina stesheni ya TAZARA, Uzunguni ina jina lake. Ghana haina hata foleni ya kulalamikia. Hakuna anayekuja kupiga picha. Kwa hiyo nchi nzima palikuwa na mahali pamoja tu ambapo kuishi Ghana kulinipa heshima, napo ni barazani kwa mjomba. Ungekuwa wewe ungeacha?

Nikajiwekea sharti moja: uongo sitatamka. Na sikutamka. Mama aliuliza, "Umefika salama?" Nimefika. "Wamekupokea vizuri?" Vizuri sana. "Weusi kama sisi?" Kama sisi, mama. Hata kitenge nilikipata Mwanjelwa, muuzaji akaapa kwa jina la Mungu kwamba ni cha Ghana kabisa. Sikuona sababu ya kumhoji Ghana ipi. Kakao ndiyo ilikuwa rahisi kuliko vyote, maana Kyela inalima kakao tele, na Kyela ni mwendo wa asubuhi moja kutoka hapa. Nikafunga mzigo, nikautuma kwa basi. Shangazi alipoona karatasi imeandikwa Mbeya akapiga simu kwa ukali. Nikamjibu ukweli mtupu: mzigo ulitoka Ghana, ukapitia stendi ya Mbeya.

"Ahaa," akasema. "Kumbe na forodha ni hapo."

Wakati huo, bila mimi kupanga, nikawa napazoea pale mahali. Nilipelekwa na dalali aliyenizungusha siku nne, kila nyumba ya Forest akinitajia bei nakohoa. Mwisho akachoka na kikohozi changu akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri ya ndugu yake, "Kuna Ghana." Kodi ya miezi sita niliyokuwa nayo mfukoni ikatosha, na chenji ya kununua godoro ikabaki.

Usiku wa kwanza nilidhani nimevamiwa. Kishindo juu ya bati, paa! Nikakaa kitandani na mwiko mkononi mpaka alfajiri. Asubuhi mama mwenye nyumba akanionyesha mvamizi: parachichi, kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, limepasuka chini ya dirisha. Mti wake umeegemea paa la vyumba vyangu, na msimu wake ukifika ni mizinga usiku kucha. Mimi mtu wa Muheza nimekulia kwenye machungwa, tunda linaloanguka kwa adabu. Nilichukua wiki mbili kujifunza kulala. Sasa kishindo kisiposikika naamka.

Asubuhi za Juni ukungu unashuka kutoka Loleza mpaka usione choo kiko wapi, jambo ambalo kwa choo cha nje si la kuchekwa. Halafu kama saa tatu jua linapenya, mlima unatokea wote kwa mpigo, na majiko ya mkaa yanatolewa nje uani, na kila mmoja anajua mwenzake anapika nini. Nilikuwa sijawahi kukaa mahali ambapo jirani anakuja na sahani ya mbalaga, ndizi za kupika, kwa sababu tu "nimesikia hujawasha jiko." Amesikia! Kuta ni nyembamba kiasi hicho. Mwanzoni nilikereka. Siku niliyoumwa malaria, mama mwenye nyumba alikuwa mlangoni na uji kabla sijaamua kama naumwa. "Tanga," ananiita hivyo, "umegeuka kitandani mara nyingi leo."

Wazee wa bao chini ya mparachichi niliwauliza jina la Ghana limetoka wapi. Walikuwa watatu, nikapata hadithi tatu, na nusura waachane kwa ugomvi. Walichokubaliana ni kwamba Nkrumah alikuwa mtu wa maana na kwamba Ghana ilipata uhuru wake 1957, sisi tukafuata 1961, na kwamba mimi nilikuwa nimewaharibia mchezo.

Miezi minne ikapita hivyo.

Halafu mjomba akauza mbuzi wawili.

Hakumwambia mtu, kwa kuogopa husuda. Akaenda akajaza fomu, akakata pasipoti, akashona suruali mpya, akafunga nusu gunia la machungwa la kuwapelekea wenyeji, akapanda basi. Mpango wake ulikuwa wa hatua mbili: afike Mbeya, kisha aulizie njia ya Ghana kwa siri.

Yaliyojiri stendi nilisimuliwa na dereva wa bajaji mwenyewe, na bado anayasimulia, kila mara yanaongezeka urefu. Anasema mzee mmoja alimvuta pembeni, akaangaza huku na huku, akamnong'oneza, "Kijana, mimi nataka kwenda Ghana."

"Panda, mzee. Elfu moja na mzigo."

"Elfu moja ya nini? Ya kukutafutia mtu?"

"Ya nauli."

Mzee akanyamaza. Akauliza, "Na askari?"

"Leo hawapo."

"Tutafika lini?"

Dereva akatazama saa. "Labda dakika kumi, kule korongoni pamebomoka."

Anasema mzee alipanda akiwa ameishika pasipoti kifuani kwa mikono miwili, na njia nzima midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anasoma dua ya safari ndefu.

Mimi ilikuwa Jumamosi, natoka kuoga, taulo kiunoni, ndoo mkononi. Uani nikamwona mtu mfupi wa suruali mpya amesimama wima mbele ya mama mwenye nyumba, pasipoti ameifungua kwenye picha na ameinyoosha mbele kama anayeonyesha kadi ya zahanati. Mama wa watu alikuwa anapepeta mchele. Akaweka ungo chini, akapiga goti kidogo kama afanyavyo kwa wazee, akasema kwa lugha yake:

"Mugonile, tata."

Uso wa mjomba ukang'aa. Akageuka kuniona, hata hakujali taulo. "Mpwa wangu!" akapaza sauti. "Wamenisalimu kwa Kighana!"

Ndoo ikaniponyoka.

Nilimwingiza ndani nikavaa, nikampa kigoda, nikachelewesha chai kadiri chai inavyoweza kucheleweshwa. Redio ya jirani inasoma taarifa ya habari kwa Kiswahili. Nje watoto wanagombana kwa Kiswahili. Mjomba anasikiliza, kichwa kimeinama upande. Akatazama kalenda ukutani, ya duka la pembejeo za kilimo, Mbeya. Akaisoma mara mbili.

"Baba," akasema polepole. "Hapa ni Ghana?"

"Ghana, mjomba."

"Ghana ya Nkrumah?"

"Ghana ya diwani."

Kimya kilichofuata nilikisikia mpaka kwenye meno. Kisha paa! parachichi likatua juu ya bati, mjomba akaruka akamwaga chai yote kwenye suruali mpya. Tukatazamana. Sijui nani alianza kucheka. Najua mama mwenye nyumba alikuja mbio kuuliza nani amekufa.

Hakunisamehe siku ile. Alikula viazi vyangu kwa hasira, akalala kwa hasira, na usiku wa manane akaomba blanketi la pili, naye aliomba kwa hasira. Kesho yake alitangaza anaondoka. Lakini wale wazee watatu walikuwa wamekosa mtu wa nne kwenye bao, na mjomba anacheza bao la kete la pwani, nao hawajawahi kuliona. Keshokutwa akasema anaondoka jioni. Akagawa machungwa uani nyumba kwa nyumba, na kwa kila chungwa lililotoka kikaingia kitu: ndizi, mahindi ya kuchoma, maziwa kwenye chupa ya juisi. Kufikia Jumatano alikuwa amevaa sweta langu na gambuti za baba mwenye nyumba, anakatiza mtaani akiitikia salamu. Walimwita Mzee Machungwa. Alipoambiwa "ndaga fijo, tata" alijibu kwa neno alilolifikiria mwenyewe, nao wakapokea.

Siku ya tisa simu yake ikaita. Shangazi. Mjomba akaiweka kwenye spika kwa sababu mikono ilikuwa na kete.

"Wewe mwanamume, uko wapi? Watu wanasema umeuza mbuzi ukatoroka!"

Mjomba akanitazama. Akaitazama pasipoti yake, bado mpya, bila hata muhuri mmoja, iko juu ya kabati langu. Nikajua sasa ndiyo mwisho wangu. Kabla ya magharibi Muheza yote itakuwa inajua. Wazee wa bao wakaacha kucheza.

"Niko Ghana," mjomba akasema.

"Ghana?!"

"Ghana. Kwa mpwa wako. Siku ya tisa leo."

Shangazi akakosa pumzi kidogo. "Na watu wa huko wakoje?"

"Wakarimu. Wana lugha yao, lakini Kiswahili wanakijua, usipime. Baridi kali. Usiku kuna mizinga ila unazoea."

"Subhanallah. Na nauli, mwanamume, nauli ilikula kiasi gani?"

Mjomba akaokota kete moja, akaigeuza geuza kiganjani, akaiweka shimoni taratibu.

"Ukishafika stendi," akasema, "elfu moja na mzigo."